Alizeti, mawese au nazi: chagua mafuta kwa kuangalia seli inakosa nini

Chukua chupa ya mafuta ya nazi yaliyokamuliwa Pangani, uipeleke Njombe mwezi wa saba. Asubuhi utayakuta yameganda, meupe kama mshumaa. Yarudishe pwani, na kabla jua halijapanda vizuri yatakuwa yameyeyuka tena, maana huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 au 25 za selsiasi. Weka pembeni yake chupa ya alizeti ya Singida: Njombe inamiminika, Pangani inamiminika. Mawese ya Kigoma yako katikati ya hao wawili. Juu yanaelea mekundu na mepesi, chini yametulia mazito kama uji wa rangi ya chungwa.

Hakuna mtu aliyetia kitu ndani ya chupa hizo. Tofauti yote iko kwenye umbo la molekuli, na umbo hilohilo ndilo linaloamua mafuta yatafanya kazi gani yakishafika kwenye seli zako.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya molekuli zinazohitajiwa na viumbe hai, wanafunzi huzikariri vizuri: wanga, protini, mafuta, asidi za nukleiki, na pamoja nazo maji, madini na vitamini. Wakirudi nyumbani, mama zao hunikuta sokoni na swali ambalo kitabu cha darasani hakilijibu: “Mwalimu, kati ya haya mafuta ninunue yapi?” Kwa muda mrefu nilijibu “alizeti” na kuendelea na safari yangu. Si jibu la uongo, ila limepungua. Mwenye kuunga mchicha, mwenye karai la kukaangia mihogo na mwenye mtoto anayejikwaa kila magharibi ikiingia hawana shida moja, na mafuta ya kuwafaa hayawezi kuwa mamoja.

Siku hizi naanza na swali jingine: seli inaweza kujitengenezea nini, na kipi haiwezi mpaka ukiletee mezani?

Mikia mitatu

Tone la mafuta yoyote ya kupikia limejaa molekuli za aina moja ya ujenzi: kipande kidogo cha gliseroli kilichoshikilia mikia mitatu. Kila mkia ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo wa kaboni uliozungukwa na haidrojeni. Hapa alizeti, mawese na nazi ni ndugu wa tumbo moja. Hata nishati yake ni ileile, kilokalori 9 kwa kila gramu, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula kina takriban kilokalori 120 hata ukikijaza mafuta gani. Nalisema mapema kwa sababu nasikia watu wakisema mafuta fulani “hayanenepeshi”. Ukizidisha, seli za mafuta mwilini huweka akiba bila kuuliza yametoka kwenye mmea gani.

Tofauti iko kwenye mikia. Mkia ambao kaboni zake zote zimeshiba haidrojeni huweza kunyooka. Mikia iliyonyooka hulazana vizuri, kama mzigo wa kuni zilizochanjwa na kupangwa na mtu mwenye subira, na mafuta yake huganda kwa urahisi. Mkia ambao haujashiba una sehemu yenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili, na hapo hupinda. Hebu jaribu kufunga mzigo wa matawi ya mwarobaini yenye kona kona: haukazi, unabaki na mapengo. Mafuta ya namna hiyo hubaki kimiminika hata kwenye baridi.

Mafuta ya nazi yana mikia iliyoshiba kwa kiasi cha asilimia 80 hadi 90, na karibu nusu ya mikia yake yote ni asidi ya lauriki, mkia mfupi wenye kaboni 12. Mawese yamegawanyika: karibu nusu imeshiba, hasa asidi ya palmitiki yenye kaboni 16, kama asilimia 40 ni oleiki yenye kona moja, na kama asilimia 10 ni linoleiki yenye kona mbili. Alizeti ya kawaida ina mikia iliyoshiba kama asilimia 11 tu, na zaidi ya nusu ya mikia yake ni linoleiki. Nasema “ya kawaida” kwa sababu mbili. Kwanza kuna mbegu zilizozalishwa ili zitoe oleiki kwa wingi, asilimia 80 hivi. Pili, hata mbegu ileile ikikomaa kwenye joto kali hutoa oleiki zaidi, na ikikomaa kwenye ubaridi hutoa linoleiki zaidi. Nalipenda sana jambo hili. Mmea wenyewe, kwenye seli zake, unapima joto na kuchagua mikia ya kuifaa hali hiyo.

Kwa nini seli inajali umbo la mkia

Mwaka 1925 huko Uholanzi, Gorter na Grendel walichukua seli nyekundu za damu, wakayatoa mafuta yake yote kwa asetoni, kisha wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka moja jembamba. Walipopima, eneo lililofunikwa lilikaribia mara mbili ya eneo la nje la seli zenyewe. Wakasema utando wa seli lazima uwe na matabaka mawili. Walichagua seli ya kuwafaa: seli nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo haina tando nyingine ndani za kuvuruga hesabu.

Matabaka hayo ni ya fosfolipidi, binamu wa molekuli tuliyoielezea. Badala ya mkia wa tatu, fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji. Vichwa vinatazama nje na ndani kwenye maji, mikia inajificha katikati, na utando mzima hauzidi nanometa 10 kwa unene. Ndani yake zimechomekwa protini zinazopitisha sukari, chumvi na ujumbe wa homoni. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walieleza kwamba utando huo haukutulia kama saruji, bali unateleza, na protini zinaelea ndani yake. Zikizuiwa kusogea, kazi nyingi za seli hukwama.

Ndiyo maana fosfolipidi nyingi hubeba mkia mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda. Ule ulionyooka unatia uimara, uliopinda unatia ulegevu. Seli inahitaji yote miwili, na hapo ndipo watu wengi hukosea wakidhani mafuta yaliyoshiba ni sumu.

Lakini tazama ni upi unaopaswa kununuliwa. Palmitiki, ule mkia ulionyooka wa kaboni 16, ini lako linautengeneza lenyewe kutoka kwenye ugali, wali na sukari vinapozidi. Likitaka, linaurefusha kidogo na kuupinda mara moja, ukawa oleiki. Hapo vimeng'enya vyetu vinaishia. Kuweka kona ya pili mbali zaidi ya kaboni ya tisa, ili upatikane mkia wa linoleiki, mimea inaweza, sisi hatuwezi. George na Mildred Burr, mume na mke waliokuwa watafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, walilionyesha hili mwaka 1929 na 1930. Panya waliolishwa chakula kisicho na mafuta kabisa, ingawa kilikuwa na sukari na protini, waliota magamba kwenye ngozi, mikia ikaharibika, wakaacha kukua. Waliporudishiwa asidi ya linoleiki kidogo tu, wakapona.

Kwa hiyo mtihani wa kwanza wa chupa yoyote ni huu: inaniletea linoleiki kiasi gani? Mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anahitaji gramu tano au sita hivi asipungukiwe. Hapa chini nimepiga hesabu kwa kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 14:

| | Alizeti ya kawaida | Mawese mekundu | Mafuta ya nazi |
|---|---|---|---|
| Linoleiki | gramu 8 hivi | gramu 1.4 hivi | chini ya gramu 0.5 |
| Mikia iliyoshiba | gramu 1.5 hivi | gramu 7 hivi | gramu 11 hadi 12 |
| Vitamini E | nyingi | ya wastani | karibu hakuna |
| Malighafi ya vitamini A | hakuna ya asili | nyingi sana | hakuna |
| Lehemu | karibu hakuna | karibu hakuna | karibu hakuna |

Mstari wa mwisho nimeuweka kwa makusudi. Ukiona chupa imeandikwa kwa herufi kubwa “haina lehemu”, usilipie zaidi kwa neno hilo. Mafuta ya mimea hayana lehemu ya maana, ya muuzaji huyu wala ya yule.

Kwenye linoleiki alizeti imeshinda mbali. Hata hivyo usiogope kama nyumbani mnapikia nazi: karanga, ufuta, na kiini cha hindi kinachobaki kwenye unga wa dona vyote vina linoleiki. Anayekula wali mweupe, sembe na tui peke yake, siku baada ya siku, huyo ndiye wa kuangaliwa.

Ini na milango yake

Lehemu inayotusumbua haitoki kwenye chupa ya mafuta ya mimea. Mwili unaitengeneza wenyewe, na unaihitaji, maana imo ndani ya kila utando wa seli zetu. Tatizo ni pale inapobaki ikizunguka kwenye damu. Seli za ini zina vipokezi juu ya utando wake, kama milango midogo, vinavyokamata chembe za LDL zinazobeba lehemu na kuziingiza ndani. Brown na Goldstein waliovigundua walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu akila mikia iliyoshiba kwa wingi, milango hii hupungua kazi, LDL hubaki barabarani, na mishipa ndiyo inayolipa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa yule wa kilokalori 2,000 hizo ni gramu 22 hivi. Rudi kwenye jedwali: vijiko viwili vya mafuta ya nazi vimeshamaliza fungu lote la siku, kabla ya nyama wala maziwa. Mawese, vijiko vitatu. Alizeti huwezi kuifikia kwa upishi wa kawaida.

Najua wapenzi wa nazi watasema lauriki hupandisha pia HDL, ile inayoitwa lehemu nzuri. Ni kweli, inapandisha zote mbili. Watasema pia kwamba mafuta ya nazi “huungua haraka” kwa sababu mikia yake ni mifupi. Hapa sikubaliani nao. Mikia inayokwenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa upesi ni hasa ile ya kaboni 8 na 10, na kwenye mafuta ya nazi hiyo si hata moja ya tano. Lauriki, iliyo nusu ya chupa, sehemu yake kubwa husafiri kama mikia mirefu, ikifungashwa na seli za utumbo na kupitia mishipa ya limfu.

Halafu kuna tui. Mimi ni mtoto wa pwani na sitamwambia mtu aache wali wa nazi. Wakazi wa visiwa vya Tokelau, kwenye bahari ya Pasifiki, waliochunguzwa miaka ya nyuma walipata zaidi ya nusu ya nishati yao kwenye nazi, na magonjwa ya moyo yalikuwa nadra kwao, ingawa lehemu yao ya damu ilikuwa juu kuliko ya majirani waliokula nazi pungufu. Ila walikula samaki kwa wingi, na sukari yao ilikuwa kidogo. Anayekula wali wa nazi, chapati, soda na chipsi siku moja hawezi kujilinganisha nao. Tui la kwanza lina mafuta mengi; la pili lina kidogo na ladha bado ipo. Kwenye mchuzi wa samaki wa kila wiki, la pili linatosha, na la kwanza likabaki la Idi na la wageni.

Mahali mawese yanapowashinda wote

Wekundu wa mawese ni karotenoidi, miligramu 500 hadi 700 kwa kila kilo. Mwili hukata beta-karotini, mojawapo ya karotenoidi hizo, na kupata vitamini A. Kwenye retina ya jicho, vitamini hiyo ikiwa katika umbo la retinali hukaa ndani ya protini iitwayo opsini, na kwa pamoja hufanya rodopsini, molekuli inayohisi mwanga hafifu. Ikipungua, seli za fito za jicho hazioni gizani. Huyo ndiye mtoto anayejikwaa magharibi wakati wenzake bado wanacheza, naye wazazi humwita mzembe.

Kijiko kidogo cha chai cha mawese mekundu kwa siku kinakaribia kutosheleza hitaji lote la vitamini A la mtoto wa miaka miwili mitatu. Karotini ya mchicha na matembele ipo, lakini imefungiwa ndani ya seli za jani na inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Ya mawese imeshayeyuka kwenye mafuta tayari. Sijui chakula kingine cha bei ya kawaida, kwa watu wa Kigoma, Burundi na Kongo mashariki, kinachofanya kazi hii vizuri hivyo.

Sharti lake ni moja: yabaki mekundu. Ukiyaunguza mpaka yapauke ili kuua harufu, umeiua karotini. Na yale ya kiwandani ya rangi ya dhahabu, yaliyosafishwa kwa joto kali, karotini yake imeshaondoka; yamebaki mikia tu, nusu imeshiba. Mafuta ya viwandani Tanzania na Kenya yanatakiwa kisheria kuongezwa vitamini A, basi soma lebo. Alizeti ya kukamua mtaani na ya kupima dukani mara nyingi haijaongezwa chochote.

Kitu kingine: mawese hutoka kwenye nyama ya chikichi. Mafuta ya kokwa lake ni tofauti kabisa, yana lauriki nyingi na yanafanana na ya nazi. Muuzaji akisema tu “ya mchikichi”, muulize ni ya nyama au ya kokwa.

Kwenye karai mambo yanageuka

Sifa ileile inayoipa alizeti ushindi kwenye utando wa seli ndiyo inayoiangusha kwenye moto. Kati ya kona mbili za linoleiki kuna kaboni ambayo haidrojeni zake hazikushikwa kwa nguvu. Joto la kukaangia, nyuzi 170 hadi 190, na oksijeni ya hewani huzing'oa kwa urahisi, na kila moja inayong'oka inaivuruga jirani. Oleiki huharibika polepole zaidi, na mkia ulioshiba huharibika kidogo sana. Ule utando wa kunata kama gundi unaouona kwenye kingo za karai la muuza chipsi ni mikia iliyovunjika na kushikana upya. Mafuta yenyewe huwa meusi, hutoa povu, harufu yake huchoma pua, na ndani yake kuna aldehidi ambazo seli hazizitaki.

Vitamini E ya alizeti ipo kwa ajili ya kuzuia mnyororo huo, kwenye mbegu na kwenye utando wako pia. Lakini ikishatumika imekwisha, na karai la siku tatu halina tena.

Kwa hiyo mama anayekaanga mihogo na kachori kutwa nzima, nikimwambia atumie alizeti ya kawaida na kuirudia mpaka Ijumaa, nimemdanganya yeye na wateja wake. Anafaa kutumia mawese yaliyosafishwa, au alizeti ya oleiki nyingi akiipata, na kuyabadilisha kabla hayajawa meusi. Asikimbilie mafuta ya mgando yaliyogandishwa nusunusu kwa haidrojeni. Hayo yana mikia ya transi, ambayo haikushiba lakini imenyooka kama iliyoshiba. Hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Kati ya vyote nilivyotaja, hicho ndicho pekee ninachosema kiachwe kabisa.

Na jua pia ni moto. Kwenye barabara ya Singida utaona chupa za alizeti zimepangwa mezani kutwa nzima, zinang'aa vizuri. Mwanga huo unaanza kuzivunja kabla hujalipa. Omba iliyo kivulini, ndani ya kidumu, na nyumbani uifungie kabatini.

Basi nani achukue yapi

Wa kuunga mboga na maharage kila siku kwa moto wa kadiri: alizeti, kijiko kwa hesabu, si kwa kumimina. Mwenye shinikizo la damu au lehemu iliyopanda, hivyohivyo, na nazi aipunguze kweli. Mwenye watoto wadogo na mboga za majani pekee: mawese mekundu kijiko kidogo kimoja, yatiwe mwishoni chungu kikikaribia kuepuliwa. Wa karai nimeshamjibu. Mafuta ya nazi ya chupa naona yanafaa zaidi kwenye nywele na ngozi, na kwa chakula cha hapa na pale ambacho bila nazi si chakula hicho.

Kuna mkia mmoja bado. Alfa-linoleniki na ndugu zake wa omega-3, ambao nao hatuwezi kuutengeneza tangu mwanzo, haumo kwa kiasi cha maana katika chupa yoyote kati ya hizi tatu. Seli za retina na za ubongo zinautafuta. Ukishachagua mafuta, usimalizie pesa kwenye chupa kubwa zaidi: nunua dagaa.